Mbolea Haikuchakachuliwa

Manyunyu yalipita usiku, asubuhi ardhi ina unyevunyevu, nikaona nafasi ya kukuzia mahindi ndiyo hiyo. Badala ya kuchimba kashimo pembeni ya kila shina, kutia kisoda cha urea na kufukia, niliwapa vijana ndoo wamwage juu juu, kama anayewarushia kuku mtama. Mabua ya msimu uliopita yalikuwa yametapakaa shambani. Kabla ya saa nne tumemaliza. Jua likawaka, mvua ikagoma.

Na mimi ni mwalimu wa kemia! Urea ni amidi. Udongoni kuna kimeng'enya kiitwacho ureasi, kinachotumia maji kuivunja hadi ikatoa amonia na kaboni dioksidi. James Sumner alikipata katika hali ya fuwele mwaka 1926 huko Cornell, Marekani, kutoka kwenye mbegu za jamii ya maharage. Hakuna kimeng'enya kilichowahi kupatikana hivyo kabla yake. Alisema ni protini, na mkubwa wa fani, Richard Willstätter, akabisha. Mwaka 1946 Sumner akapewa Nobel. Darasani naisimulia kwa mbwembwe, hata ule mkono wake wa kushoto alioupoteza ujanani katika ajali ya kuwinda. Ila kwamba ureasi imejaa kwenye mabua yanayooza, na kwamba ikiikuta urea juu ya ardhi amonia inapaa tu, hilo halikunijia nikiwa na ndoo.

Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Katika hali kama ile, theluthi yake au zaidi inaweza kupotea hewani. Ukiifukia sentimita tano hivi, udongo unaishika.

Tena harufu niliisikia. Jioni niliinama kukagua miche, pua ikaniwasha. Nikajisemea, mbolea inafanya kazi.

Mahindi yalipobaki na umanjano huku ya jirani yamekolea kijani, nilisimama mashineni, mbele ya watu, nikasema muuza pembejeo ameichakachua urea. Jirani alinunua duka lilelile. Hilo nililijua, nikalinyamazia. Mwalimu akisema, watu wanaamini; wateja wakamkimbia.

Baadaye nilimfuata dukani, nikaeleza yote. Alinisikiliza huku anampimia mtu mbegu.

"Haya, mwalimu, nimekusikia," akasema. "Na hao uliowaambia, umewarudia?"

Nilikuwa sijawarudia.