Neno nililolifuta daftarini

Kwa miezi mingi daftari langu lilijaa neno moja: hakuna.

Nilitoka Kenya kwenda Cape Town kusomea astronomia, nikapewa kazi ya kupekua picha za MeerLICHT, darubini ya Sutherland yenye kioo cha sentimeta 65. Darubini ya redio ya MeerKAT ikigeuza antena zake 64 upande fulani wa anga, nayo hugeukia hapohapo. Tulikuwa tunasaka mwanga wa milipuko mifupi ya redio, ile inayodumu milisekunde chache ikitoka galaksi za mbali. Tangu wa kwanza utangazwe mwaka 2007, milipuko hiyo imenaswa kwa wingi sana kwenye redio. Lakini mweko wa mwanga unaoweza kuandamana nayo ndio mimi niliutamani kupita kiasi. Picha isiyokuwa nao niliiweka kando bila hata kuipima.

Kisha redio ikanasa mlipuko wakati picha yetu ikipigwa. Niliifungua saa nane usiku. Nyota zilezile, na galaksi moja hafifu kama pumzi kwenye kioo. Nililia.

Asubuhi nikampigia mama. Akanisikiliza, akauliza: "Mwanangu, huo mwanga ungekuwepo, hiyo mashine yenu ingeuona?"

Sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililoniuma.

Picha yetu moja ni ya sekunde 60, yaani milisekunde 60,000. Mweko hafifu wa milisekunde moja humezwa na mng'ao wa anga uliokusanywa muda wote huo. Basi nikaanza kupandikiza nyota za uongo kwenye picha, nikizififisha kidogokidogo mpaka programu ikashindwa kuziona. Pale iliposhindwa, ndipo kikomo chetu kilipo: mweko wowote unaozidi hapo tungeuona.

Msimamizi wangu alinipa makala ya mwaka 2017. Darubini ya mita 2.4 nchini Thailand ilikuwa imepiga picha kila baada ya milisekunde 70.7, huku darubini ya redio ya Effelsberg, Ujerumani, ikisikiliza FRB 121102, chanzo kimoja cha milipuko hiyo. Milipuko 13 ya redio, mwanga sifuri. Waliandika kikomo chao, wakachapisha. Niliisoma mara tatu, kwa heshima.

Nimerudia picha zangu zote, moja baada ya nyingine. Kila palipoandikwa "hakuna" sasa pana saa, sehemu ya anga, na kipimo cha mwangaza. Mama nilimpigia tena.

"Ingeuona, mama, kama ungekuwa mkali kupita hapa." Nikamsomea namba.