Mpwa na Rolex ya Dola 120

Mjomba, kutoka Sange, anamwandikia mpwa wake aliyeko Bukavu. 

Kilichomshikisha mjomba kalamu ni habari iliyoletwa na dereva wa Kamanyola: mpwa amepatana na mchuuzi wa barabarani na anataka kutoa dola 120, pesa za kujiandikisha chuoni, anunue Rolex. Rolex ya dola 120! Jina hilo Hans Wilsdorf alilisajili mwaka 1908, na saa mpya yenye jina hilo leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Mpwa aangalie mshale wa sekunde. Kwenye Rolex nyingi za siku hizi huteleza, kwa sababu mashine hupiga mara 8 kila sekunde. Kwenye bandia ya betri huruka mara moja, husimama, huruka tena. Lakini kipimo hicho humnasa mwizi mvivu tu. Wenye bidii hutia mashine ya otomatiki.

Je, pesa zimekwisha kutoka? Dereva hakujua.

Otomatiki yenyewe mjomba anaijua. Enzi za Zaire, akifanya kazi ya zamu, aliuza magunia mawili ya mpunga akanunua Seiko 5, saa isiyotaka betri wala ufunguo, inayojijaza kwa mwendo wa mkono. Kijiji kizima kilimwuliza saa, na yeye aliipenda kazi hiyo. Kisha malaria ikamlaza siku tatu, saa ikiwa juu ya kabati. Mashine ya namna ile huweka nguvu kama saa 40 tu, ikasimama. Siku ya kurudi kazini mjomba aliirekebisha kwa redio ya jirani, iliyokuwa ikisema kutoka Kinshasa. Kinshasa iko nyuma ya kwetu Kivu kwa saa moja! Akanywa chai taratibu, akafika zamu imeanza zamani, akakatwa mshahara. Baba yake mpwa alicheka hadi Krismasi, yeye ambaye hadi leo hana saa ya mkononi. Seiko haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo mpwa asidhani bei ndiyo inayosema saa kweli. Tangu tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, kipande cha fuwele kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde kimezishinda mashine za matajiri. Saa ya namna hiyo, ya betri, hupotea sekunde chache kwa mwezi. Ya magurudumu huweza kupotea hizo kwa siku moja. Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka 1989, hukaa na betri moja kama miaka saba. Wenzake chuoni watacheka? Wacheke.

Saa za kisasa zinazoshikana na simu hutaka chaji mara kwa mara, na umeme wenyewe mpwa anaujua. Saa zilizoandikwa mita 30 huvumilia mvua na kunawa. Asiogelee nazo katika Ziwa Tanganyika.

Mjomba hapendi kulitaja jambo hili, lakini Sange inakijua kitu rahisi kinachokimbiliwa. Tarehe 2 Julai 2010 lori la petroli lilipinduka hapa, watu wakaenda kuchota, moto ukaua zaidi ya 230. Saa si petroli. Ila tangu jioni ile, mtu akisema bei ya kutupa, mjomba hutazama kwanza mlango uko wapi.

Basi, zile dola 120. Kama bado zipo, mpwa azipeleke chuoni kesho asubuhi na risiti impe dereva. Kama zimekwenda, aseme mapema, kuna mbuzi mmoja anayeweza kuuzwa. Seiko bado inatembea. Akifaulu mwaka huu ataivaa.

Baba yake asionyeshwe barua hii.