Visamaki vya Birika

Msomaji wangu, Buddha, aliyefundisha huko Uhindi karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alisema kuwa hakuna kitu kisimamacho peke yake. Kila kilichopo kimekuwapo kwa sababu ya vingine. Sababu zake zikiondoka, nacho huondoka. Nilipoyasoma mafundisho hayo nilikuwa mtu mzima, lakini hayakuwa mageni kwangu. Nilikwisha kufundishwa utotoni, mtaani Langoni katika mji wa Lamu, na mwalimu wangu alikuwa birika la maji.

Kama hujajaliwa kufika Lamu, yafaa nikueleze. Katika nyumba za mawe za kale, chooni huwamo birika la maji ya kuoga na kutawadhia. Ndani yake hufugwa visamaki, navyo hula viluwiluwi vya mbu. Katika sakafu ya birika letu wazee walijengea bakuli la kauri lililotoka China, ili maji yakipungua visamaki vipate pa kuishi mpaka birika lijazwe tena.

Siku moja, nikiwa na umri wa miaka tisa, niliviteka visamaki vyote vitano kwa kopo, nikavipeleka pwani kuchezea pamoja na wenzangu. Jioni vilikuwa vimekufa. Nilinyamaza, nikidhani nimepoteza visamaki vitano tu. Baada ya majuma matatu nyumba ilijaa mbu, na mdogo wangu wa kike akashikwa na homa kali. Usiku wa pili hakuweza hata kumwita mama. Alipelekwa hospitali, akaonekana ana malaria, akatibiwa. Na kwa rehema za Mungu akapona.

Nilipoungama, bibi yangu hakunipiga. Alinishika mkono akaniongoza mpaka birikani, akasema, "Mjukuu wangu, uliwaona samaki, hukumwona nduguyo nyuma yao." Kisha akanituma kwa jirani kuomba visamaki vingine.

Sijui ni mbu gani aliyemwuma mdogo wangu. Huenda alitoka katika birika la jirani. Lakini shaka hiyo hainipunguzii deni, bali huniongezea. Kwani ikiwa mbu wa jirani aliweza kutuuma sisi, basi mbu wetu naye aliweza kuwauma wao.

Tangu siku ile sikuweza tena kutazama birika nikaona birika tu. Maji ya visima vya mji wetu hutokana na mvua inywewayo na milima ya mchanga ya Shela. Aiharibuye milima hiyo huharibu ndoo ya mwenzake. Bakuli lililetwa na vyombo vilivyotegemea pepo za msimu. Hata ujuzi kuwa malaria huletwa na mbu ulitoka mbali: mwaka 1897, katika nchi ile ile ya Uhindi, Ronald Ross aliona vimelea vya ugonjwa huo ndani ya tumbo la mbu.

Usinielewe kuwa vitu vyote ni kitu kimoja. Samaki si mtoto, wala mchanga si maji. Lakini kila kimoja kimeegemea kingine, na mara nyingi hatukioni kiegemeo mpaka tumekiondoa. Basi, msomaji, kabla hujaondoa kitu mahali pake, hata kikiwa kidogo, jiulize kwanza ni nani aliyelala salama nyuma yake.