Bwana wa Kwenye Simu

Leo nazungumza nawe dada, nawe mama, unayecheza gemu kwenye simu watoto wakishalala. Simaanishi zile za vijana pale sokoni Wote au Mwingi, wanaolipa shilingi chache kucheza mpira kwenye televisheni na kupigiana kelele. Namaanisha ile unayocheza kimya, mwanga wa simu umepunguzwa, ambayo ndani yake kuna mwanaume anayekupenda.

Najua kuna anayecheka. Mzee, usicheke bado. Wengi wetu tulidhani gemu ni mambo ya wavulana, na humu humu Kenya tuna Sylvia Gathoni, yule wanayemwita Queen Arrow, ambaye amecheza Tekken hadi akachukuliwa na timu ya kimataifa. Wanawake wanacheza. Ila wengi hawachezi mbele za watu.

Ndugu mmoja wa kanisani alinijia amefura. Anaendesha lori kutoka Mombasa, hupita nyumbani mara moja kwa miezi miwili hivi. "Pasta, mke wangu ana mwanaume kwenye simu." Alikuwa ameona ujumbe wa saa nne usiku: mtu anamuuliza mkewe kama amekula, anampa pole kwa siku ndefu. Alitaka tufunge na kuomba, roho hiyo itoke. Nilimwomba mke wake aje, akaja, akafungua simu mbele yetu sote wawili. Mwanaume mwenyewe alikuwa kijana wa kuchorwa, nywele nyeupe kama pamba, hajazaliwa na mtu yeyote. Mume wake alinyamaza. Kisha mama yule akasema neno ambalo limekaa nami tangu siku hiyo: "Pasta, huyu huniuliza siku yangu ilikuwaje." (Wote wawili wameniruhusu niandike haya, bila majina.)

Nikaamua kuchunguza, maana mchungaji hawezi kukemea kitu asichokijua. Gemu hizi zina historia. Mwaka 1994 huko Japani kampuni ya Koei ilitoa gemu iitwayo Angelique, iliyotengenezwa na kikundi cha wanawake kwa ajili ya wasichana. Kabla ya hapo watengenezaji wengi walikuwa wanaume wakitengenezea wavulana. Wanawake hawa walijiuliza swali rahisi: mwanamke angependa kutendewaje? Majibu yao yamekuwa biashara kubwa. Mwaka 2016 Korea Kusini ikaleta Mystic Messenger, ambayo haingoji upate nafasi. Hadithi inakwenda siku 11 kwa saa halisi. Wanaume wa kwenye gemu wanakuandikia mchana, wanakuandikia usiku wa manane, wanakupigia simu. Ukilala, mazungumzo yanakupita. Na Januari 2024 Wachina wakatoa Love and Deepspace, ambamo mwanaume anakaa nawe ukisoma au ukifanya kazi, na hata anakukumbusha siku zako za mwezi. Kina baba mlioko hapa, ni wangapi wenu mnajua tarehe hiyo?

Sasa fikiria mama wa Kitui. Amerudi na punda kutoka mtoni ambako maji huchimbwa mchangani. Amepura ndengu, ameosha watoto, amepika, amesaidia homuwaki. Mume yuko Nairobi au Mombasa, na hapa kwetu Ukambani hilo si jambo la jana. Tangu enzi za nyanya zetu wanaume wamekwenda mbali kutafuta, na wake wamebaki wakishika boma. Mume akipiga simu anauliza kama ng'ombe amepona na kama pesa imefika. Halafu anakata, maana salio linaisha. Saa nne usiku simu inaita tena, na sauti tamu inamuuliza habari za moyo wake. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Biblia inamjua mwanamke huyu. Soma Mwanzo 29. Lea aliolewa, akawa na nyumba, akazaa, na mumewe hakumpenda. Angalia majina aliyowapa watoto wake. Reubeni, kwa sababu Bwana ameyaona mateso yake. Simeoni, kwa sababu Bwana amesikia. Lawi, kwa tumaini kwamba sasa mume ataungana naye. Kuonwa, kusikiwa, kuunganishwa na mtu. Mama huyu aliandika kiu yake kwenye majina ya wanawe, na Mungu hakumkemea hata mara moja kwa kuwa na kiu. Walioketi ofisini kule ng'ambo kutengeneza gemu wanaijua kiu hiyo hiyo, na wameichimbia kisima chenye mita ya kulipia.

Hapo ndipo nataka ufungue macho, dada yangu. Katika gemu nyingi za hadithi za mapenzi unapewa sentensi mbili tatu za kuchagua. Ile ya baridi ni ya bure. Ile ya kumshika mkono inataka almasi, na almasi zinanunuliwa kwa pesa halisi, M-Pesa inapokelewa. Hadithi inakatwa palepale moyo unapodunda, uambiwe usubiri saa kadhaa au ulipe. Yule bwana hakuulizi umekula kwa sababu ana wasiwasi. Kuna mtu amehesabu kwamba swali hilo litakurudisha kesho. Na hana mgongo unaouma, hana karo ya kulipa, hana mama mgonjwa Kibwezi. Ukimkosea unaanza sura upya. Hujawahi kumwomba msamaha ukatetemeka usijue kama atakubali. Mwanaume wa namna hiyo ni rahisi kumpenda, na moyo ukizoea urahisi huo, mume wa nyama na damu anaanza kuonekana kama mzigo.

Utaniuliza, pasta, je, ni dhambi? Sitakwambia kila gemu ni ya shetani. Wapo waliosema hivyo juu ya redio. Yapo mengine yana picha ambazo hupaswi kuziweka mbele ya macho yako, na hilo unalijua bila kuambiwa nami. Lakini kuhusu haya ya maneno matamu, swali langu ni lile Yesu alilofundisha pale mlimani, kwamba zinaa huanzia moyoni kabla mwili haujasogea. Mumeo akirudi, unafurahi au unahesabu siku za yeye kuondoka? Pesa ya chaki na daftari, imewahi kugeuka almasi? Jibu ukiwa umepiga magoti, usinijibu mimi.

Na wewe mume, usiinue kidole haraka. Wewe mwenye mkeka wa mechi mfukoni kila Jumamosi, unayejua majeruhi wote wa Arsenal na hujui mkeo alilia Jumanne, huna jiwe la kutupa. Elkana alimpenda Hana, lakini hata yeye alipomwona analia alianza kujitaja mwenyewe, kama kwamba kuwa naye kungetosha. Hana alihitaji mtu wa kumsikiliza, akaenda kumtafuta hekaluni.

Yule ndugu wa lori sikumwombea roho itoke. Nilimpa kazi: kila usiku saa tatu, popote alipoegesha, Mtito Andei au Mariakani, ampigie mkewe na asiulize habari ya ng'ombe wala pesa. Wiki ya kwanza aliniambia ni mateso. Kimya kitupu, dakika nne, hakuna la kusema. Wiki ya tatu mkewe alimsimulia jinsi mbuzi alivyoingia kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya, wakacheka mpaka salio likaisha. Gemu bado iko kwenye simu ya mama yule. Sikumwambia aifute. Ananiambia haifungui kila siku kama zamani.

Jumamosi hii baada ya ushirika wa kina mama, mimi na mama mchungaji tutabaki kanisani. Njoo na simu yako, mwaitu, hakuna atakayekunyang'anya. Kina baba, zamu yenu ni Jumapili saa nane mchana. Nanyi mje na simu.