Betri Huisha kwa Maneno

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Leo mali ninayotaka tuiandikie daftari ni betri.

Mnamo Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwavisha punda milia kadhaa mikanda shingoni huko Sweetwaters, karibu na Nanyuki. Mradi huo uliitwa ZebraNet. Kila mkanda ulikuwa na betri, vipande vya kunasa nguvu za jua, redio ndogo, na kifaa cha kupokea ishara za setilaiti ili ijulikane mnyama yuko wapi. Sasa betri ikifa porini, nani atamwendea punda milia kumbadilishia? Mpaka apigwe sindano ya usingizi kwanza. Si mchezo!

Basi walifanyaje? Waliufundisha mkanda kulala. Kila baada ya dakika 8 uliamka, ukaandika mahali mnyama alipo, ukalala tena. Redio, ambayo ni mlafi, ilifunguliwa kila baada ya saa 2 kwa muda mfupi tu. Kwa kuwa mikanda yote ilifuata saa ya setilaiti, iliamka pamoja ikapashana habari. Mtafiti akikutana na punda milia mmoja, huenda akapata na habari za wenzake.

Lililonishangaza ni kuwa redio ya aina hiyo hula betri hata inaposikiliza tu na hakuna anayesema. Hapo ndipo nilipomfahamu nyanya yangu hapa Junda. Redio yake ya mawe huifungua saa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kisha huizima, tap! Majirani humwita bahili. Lakini mwaka juzi binamu zangu waliyamaliza mawe kwa muziki, na tangazo la kifo cha ndugu yake likapita asilisikie. Alifika matangani, maziko yamekwisha.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "mimi sioni uchungu wa mawe. Naona uchungu wa watu."

Kwa hivyo, wenzangu, siku tutakapotaka kuweka vifaa vya kupima maji ya hori ya Tudor kwenye mikoko yetu, tusianze kuulizana betri kubwa inauzwa wapi. Tuulize kwanza: kifaa hiki kina neno gani la kusema, na kitalisema saa ngapi?