Simba wa Mawe Mlangoni pa Maktaba

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi akikutana na simba katika shairi, huharakia kuandika pambizoni: "taashira ya utawala." Akishaandika hivyo huuendea ubeti unaofuata kana kwamba kazi imekwisha. Mwanafunzi wa aina hiyo angefaidika kusimama nusu saa katika Mtaa wa Banda jijini Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia, mbele ya Maktaba ya McMillan. Hapo pana simba wawili wa mawe, mmoja kila upande wa lango, na hawakubali kufasiriwa kwa neno moja.

Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga ili kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, Mmarekani mzaliwa wa St. Louis aliyekuwa na shamba kubwa huko Juja na kufariki mwaka 1925. Katika shamba hilo ndiko Theodore Roosevelt alikokaribishwa mwaka 1909 alipokuja Afrika Mashariki kuwinda, na simba walikuwa miongoni mwa mawindo yake. Hapa pana kinaya kisichohitaji kutafutwa sana: mnyama aliyepigwa risasi nyikani akarejeshwa mjini akiwa jiwe, akapewa kazi ya ubawabu. Bawabu wa nani? Kwa miongo kadhaa Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Tarishi aliyepita barabarani na barua za bwana wake aliwaona simba vizuri, vitabu hakuviona. Kwake yeye, maana ya sanamu zile haikuhitaji mhakiki.

Mwaka 1962 maktaba ikakabidhiwa Baraza la Jiji, ikawa ya umma. Simba hawakuguswa hata unywele. Mwaka uliofuata Kenya huru ikawa na nembo yake ya taifa, nayo ina simba wawili walioshika mikuki na kuikingia ngao. Msomaji aliyepanda ngazi za McMillan baada ya hapo angeweza, bila kujidanganya, kuwaona wale wa mawe kuwa jamaa za wale wa nembo. Maandishi ya pambizoni yanashindwa papo hapo, kwa kuwa aliyeibadili taashira hakuwa mchongaji. Ulikuwa ni mlango, uliofunguliwa.

Ikumbukwe kwamba simba wa maktaba si mali ya Nairobi pekee. Wale wa Maktaba ya Umma ya New York wamekuwapo tangu 1911, na katika miaka ya 1930 meya Fiorello LaGuardia aliwapa majina yenye maana ya Subira na Ustahimilivu, akiwahimiza wakazi wa jiji lake wakati wa dhiki ya uchumi. Nao pia walipewa maana na watu wa baadaye.

Je, sanamu za enzi ya ukoloni ziondolewe? Mwaka 2015 sanamu ya Malkia Victoria katika Bustani ya Jeevanjee, hapo hapo Nairobi, ilivunjwa kichwa na kuangushwa. Lakini Victoria ana uso wake na jina lake. Asingeweza kuwa mtu mwingine. Simba hana bwana wa kudumu. Alikuwa katika ngano na majigambo ya watu wa nchi hii kabla McMillan hajazaliwa, na kumng'oa langoni kungekuwa kumwachia mlowezi kitu ambacho hakikuwa chake. Heri abaki, ila rafu za ndani zimstahili: anayempita simba huyo akitafuta tenzi au riwaya ya Kiswahili asirudi mikono mitupu, maana akirudi hivyo, bawabu atakuwa amerejea katika kazi yake ya kwanza.

Maktaba hiyo ina matawi Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya Eastlands. Huko mtoto huingia akitoka shule, na sare yake ingali na vumbi, bila kupita chini ya nguzo za fahari wala kutazamwa na simba yeyote.