Kilimanjaro kwa Baskeli, Polepole na kwa Stara



Mtu akitoka Unguja kuja Moshi, kuna jambo humshangaza kabla hata ya baridi: hakuna barabara iliyolala. Sisi kwetu tunakiita Masingini kilima na tunaridhika. Huku mji wenyewe upo kati ya mita 800 na 900 kutoka usawa wa bahari, lango la Marangu liko juu ya mita 1,800, na kilele cha mlima ni mita 5,895. Ukiamua kwenda kaskazini, unapanda. Ukirudi nyumbani, unashuka. Hesabu ya mwendesha baskeli wa Moshi ni hiyo tu.

Huu ni mwaka wangu wa saba hapa, tulifuata kazi ya mume wangu. Baskeli nilianza miaka mitatu iliyopita nikiwa na umri wa miaka 44, na sikuanza kwa ajili ya mandhari. Mama yetu, Allah amrehemu, alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na miezi kumi na minne baadaye tukamzika. Kwa hiyo daktari aliponiambia kuwa sukari yangu nayo imeshaanza kupanda, haijawa maradhi lakini iko njiani, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Akasema nitembee kila siku. Nikatembea. Baada ya wiki sita nilikuwa nimeshachoka, si miguu bali moyo, kwa kuzunguka mtaa uleule na kuulizwa na watu walewale naenda wapi. Mwanangu alipokwenda chuo aliiacha baskeli yake ya mtumba yenye gia, imeegemea ukuta wa jiko. Ndiyo hiyo ninayoendesha mpaka leo.

Dada yangu mkubwa alipopata habari alinipigia simu kutoka Unguja. Hakufoka, na kwa anayemjua hiyo ni dalili mbaya zaidi. "Mdogo wangu, wewe mtu mzima, mke wa mtu, una wakwe. Baskeli?" Nilimjibu kuwa utotoni ni yeye aliyekuwa akipakiwa nyuma na ami yetu mpaka skuli, na hakuna aliyesema neno. Akasema kupakiwa ni kupakiwa. Tukaachia hapo.

Lakini swali lake la stara ni la haki, na nalijibu kama nilivyomjibu yeye baadaye. Baibui na mnyororo wa baskeli havipatani, na hilo ni suala la usalama kabla halijawa suala lingine lolote. Mimi navaa suruali pana ya kitambaa kizito chenye mpira kwenye kifundo cha mguu, gauni lililopasuliwa pembeni linalofika chini ya magoti, na mtandio mwepesi wa pamba ambao ncha zake nazichomeka ndani ya gauni. Kofia ngumu inakaa juu ya mtandio bila taabu mradi usifunge kilemba kinene. Baibui linakunjwa ndani ya mkoba. Kwa stara hiyo sijawahi kujiona uchi mbele ya mtu, na nimepita mbele ya watu wengi.

Anayeanza aanzie Rau. Msitu wa hifadhi wa Rau uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, upande wa chini, kwa hiyo njia ni tambarare. Aliyewahi kufika Jozani ataelewa mara moja, maana misitu hii miwili ni ya aina moja: inaishi kwa maji yaliyo karibu na uso wa ardhi. Mvua na ukungu vinanaswa na msitu wa juu mlimani, maji yanapita chini kwa chini, kisha yanaibuka huku bondeni kwenye chemchemi. Utaona mivule mikubwa, na mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe, tofauti na kima punju wetu. Ukitoka upande wa pili unaingia kwenye mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Asubuhi mapema, kabla ya mawingu, Kibo inaonekana ndani ya maji ya majaruba imepinduka kichwa chini. Mimi husimama kila mara. Kuna ada ya kuingia msituni, ilipeni, msipite vichochoroni.

Ila njia yangu mimi, ninayoipenda kuliko zote, ni ya Old Moshi.

Unatoka mjini kwa barabara ya Himo, unafika Kiboriloni penye soko la mitumba (jifanye hulioni, ama safari itaishia hapo), kisha unakata kushoto na kupanda kuelekea Tsuduni na Kidia. Hapo tia gia nyepesi kuliko zote na usahau habari ya haraka. Mwanzoni kuna mahindi na alizeti, kisha hewa inabadilika, na ghafla uko ndani ya kihamba. Kihamba ni kiunga cha Mchagga, shamba na nyumba kwa pamoja: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na mboga chini ya kahawa. Na ng'ombe wamo humo, wamefungwa zizini, kwa kuwa pa kuchungia hapapo. Majani yao yanaletwa kutoka mbali, mara nyingi kutoka tambarare, na wanaoyaleta wengi ni kina mama.

Hao ndio walionifundisha kupanda mlima. Mimi nahema, nimeshuka, naisukuma baskeli kama mkokoteni, na mama wa miaka sitini ananipita na mzigo wa majani kichwani mkubwa kuliko baskeli yenyewe. "Shimbonyi," ananisalimu, kisha kwa Kiswahili, "pole mama, pumzika." Hapumziki yeye. Haendi haraka pia. Anaweka mguu mmoja, anaweka wa pili, hatua fupi fupi, na mwendo wake haubadiliki kuanzia bondeni mpaka mlangoni kwake. Niliwaona vijana wengi wakipanda hapo kwa fujo, wakisimama juu ya pedeli, kisha nikawakuta mbele wamekaa chini ya mti. Tangu nianze kuwafuata kina mama kwa hatua zao, nafika. Nusu ya njia naendesha, nusu nasukuma, na sukari haiulizi ulikuwa umekaa juu ya baskeli au ulikuwa ubavuni mwake.

Siku moja adhuhuri ilinikuta huko juu. Makanisa ni mengi, msikiti ulikuwa mbali, na pembeni yangu mfongo unatiririka, maji safi ya baridi. Mifongo ni mifereji iliyochimbwa na Wachagga kwa vizazi vingi kabla ya Wazungu kuja, inaleta maji ya mito kutoka msituni mpaka vihambani, na ina wenyewe na utaratibu wake. Nikamwona bibi mmoja anapalilia, nikamwomba ruhusa ya kutia udhu. Akainuka, akafikiri. "Maji ya leo si yangu, mwanangu. Zamu ni ya jirani. Ngoja nimuulize." Akaenda kweli, mguu mosi mguu pili, akarudi na ruhusa, na kopo la plastiki. Sisi tumefunzwa tangu wadogo tusifuje maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto unaopita. Nilikuwa nalijua hilo kama somo la chuoni. Pale, na kopo moja mkononi, na jirani anayesubiri shamba lake lifikiwe, nililijua kwa namna nyingine. Kopo lilitosha na likabaki. Bibi alinitandikia gunia safi juu ya majani ya migomba, akarudi kwenye palizi yake mpaka nilipomaliza.

Huko juu ndiko Moshi ya kwanza ilikokuwa, kabla reli ya Tanga haijaufanya mji ukue bondeni. Ndiko Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli na wenzake mwaka 1900. Kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Pale Tsuduni pana ukumbusho wake. Sikai sana hapo. Nasoma, nasimama kidogo, naendelea.

Kushuka nako kuna ilimu yake. Breki zibanwe na kuachiwa, zibanwe na kuachiwa, zisishikiliwe mfululizo mpaka zikatoa harufu. Kiwiliwili nyuma, macho mbali. Masika, yaani Machi mpaka Mei, udongo mwekundu unateleza kama sabuni na mimi siendi kabisa, nabaki Rau. Juni na Julai chukueni sweta, ukungu wa huko si mchezo. Januari na Februari ni raha tupu.

Kwa walio na nguvu zaidi kuna Materuni, upande wa Uru, penye maporomoko marefu ya maji, ingawa mwisho baskeli unaiacha na kwenda kwa miguu. Na wapo wanaokwenda kwa njia ya Kilema kuingia ndani ya hifadhi yenyewe, iliyoruhusiwa kwa baskeli, mpaka Horombo kwenye mita 3,720. Msitu wote wa mlima umekuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kwa hiyo huko haukatishi tu ukajiendea: kibali, kiongozi wa njia, na ada ya kutosha. Nawaombea kheri. Mimi na magoti yangu tumekubaliana kuishia vihambani.

Kipimo changu cha mwisho kimerudi chini ya ule mstari, alhamdulillah. Daktari alitaka kujua nimepunguza nini kwenye chakula. Nimepunguza, wali wa nazi nimeufanya wa Ijumaa tu, lakini nilimwambia pia habari ya Old Moshi, akacheka akaiandika.

Januari dada alikuja kututembelea. Alikwenda naye kupimwa, kwa kunisindikiza tu, alivyosema. Cha kwake kilikuwa kimeshavuka mstari. Alinyamaza njia nzima kurudi, na usiku nikamsikia anazungumza na mtu kwenye simu kwa sauti ya chini, kisha akalia, nami nikakaa mlangoni sikujua niingie au nisiingie. Nikaingia. Tulizungumza kuhusu mguu wa mama, jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza tangu msiba.

Asubuhi alitoka uani na kanga yake, akaizunguka baskeli mara mbili, akabonyeza tairi kwa kidole. Akauliza kama hii ndiyo inayopanda mlima, nikamwambia mara nyingi mimi ndiye ninayeipandisha. Hakucheka. Akauliza ile suruali nilishona wapi.

Amesharudi Unguja. Wiki iliyopita alinitumia picha kutoka kwa fundi wake Darajani, kitambaa cha kijani kibichi, kizito. Anasema fundi ametia mpira mmoja kwenye kifundo na yeye anataka miwili, na anauliza njia ya Rau ina vilima vingapi hasa, niseme kweli.